Masheikh wa Bara Watoke Wapi?

Wazee wa Meru husimulia kwamba babu zao walitoka Mbwaa, kisiwa cha pwani, wakikimbia utumwa wa watu walioitwa Nguo Ntuni, yaani Nguo Nyekundu. Wako wataalamu wanaodhani kuwa Mbwaa ni Manda, jirani ya Lamu, na wengi huwafasiri Nguo Ntuni kuwa ni Waarabu. Basi si ajabu Mmeru akiuona Uislamu kuwa ni dini ya bwana wa zamani.

Jambo hilo lafaa likumbukwe kila inapoulizwa ni nani awaongoze Waislamu wa mahali kama Muthara, katika Tigania, ambako Wakristo ndio wengi. Sheikh mgeni aweza kuwa na elimu kubwa, lakini hajui Kimeru, wala maana ya rika, wala uzito wa neno la Njuri Ncheke. Tazama tohara. Uislamu waiamuru, na Wameru tangu zamani hutahiri vijana wao na kuwatia katika rika. Ni lipi katika mafundisho ya jando liachwe, na ni lipi lisilodhuru dini? Mgeni ni rahisi kukataza yote, au kunyamazia yote. Mzaliwa aliyesoma aweza kupambanua.

Njia ya kumpata mtu huyo ilionyeshwa huko huko Lamu. Habib Saleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, alijenga Msikiti wa Riyadha mwanzoni mwa miaka ya 1900, akawafundisha hata watumwa na wana wao, ambao waungwana wa mji hawakuwahesabu kuwa watu wa elimu. Alilaumiwa sana, hasa kwa matari yaliyopigwa katika Maulidi. Hakuyaacha. Alifariki mwaka 1935, na wanafunzi wa Riyadha walikwenda kufundisha katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki.

Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alishika njia nyingine. Alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, akiyakemea mambo yaliyozuliwa katika dini. Lakini aliwakemea pia walioiga kila jambo la Wazungu. Alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata kufa kwake mwaka 1947. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyepata cheo hicho mwaka 1968, alitoa tafsiri kamili ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1969.

Hatari iko hapa. Ubishi juu ya Maulidi haujaisha, na kijana wa Tigania atumwaye pwani aweza kurudi na ugomvi wa watu wengine, akaigawa jamaa ambayo haijazi hata safu chache za msikiti. Afadhali arudi na lililo la haja. Katika madhehebu ya Shafii nguzo za hotuba ya Ijumaa husomwa kwa Kiarabu, lakini mawaidha yaweza kutolewa kwa Kimeru, na bibi kizee akayafahamu.

Tena arudipo, atakula nini? Ada za watoto wa madrasa hazitoshi mtu mwenye mke na watoto. Jamaa inayomtuma yapasa imtengee shamba kabla hajaondoka.