Kuchagua Godoro

Umeuza mazao yako na umeweka kando fedha za kununua godoro. Fedha hizo ni jasho la msimu mzima. Ukinunua godoro baya, utalilalia hivyo hivyo miaka mingi, maana si rahisi kupata fedha za godoro la pili mwaka ujao. Kwa hiyo, kabla hujalipa, fahamu kwanza godoro lina kazi gani.

Watu wengi hubonyeza godoro kwa kiganja. Likiwa laini, husema ni zuri. Lakini hutalalia kiganja. Utalalia mgongo ule ule ulioinama shambani tangu asubuhi.

Sehemu nzito za mwili wako ni mabega na nyonga. Godoro laini mno huziacha sehemu hizo zizame. Kiuno hupindika, na misuli haipumziki usiku kucha. Asubuhi unaamka umechoka kuliko ulipolala. Godoro gumu mno nalo halifai. Ukilala ubavu, bega linauma na mkono unakufa ganzi. Godoro linalofaa huacha mabega na nyonga viingie kidogo, kisha huvizuia. Ukilala ubavu juu yake, mtu aliye nyuma yako ataona uti wa mgongo wako umenyooka.

Labda umesikia kwamba mtu anayeumwa kiuno alale sakafuni au juu ya ubao. Ushauri huo ulitolewa zamani hata na waganga wa hospitali. Lakini mwaka 2003 madaktari wa Hispania walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Walichukua watu wazima 313 walioumwa kiuno kwa muda mrefu. Wengine walipewa magodoro magumu, wengine magodoro ya ugumu wa kadiri. Baada ya siku 90, waliolalia magodoro ya ugumu wa kadiri walikuwa na nafuu zaidi. Basi usimlaze mzazi wako chini kwa kudhani unamtibu. Na kama maumivu yake yanashuka mguuni, au mguu unakufa ganzi, mpeleke zahanati. Hapo godoro peke yake halitoshi.

Sasa tuangalie magodoro yenyewe. Kama kwenu kuna misufi, usilidharau godoro la sufi. Sufi ni nyuzi nyepesi zinazong'aa, zinazotoka katika matunda makavu ya msufi. Hazinywi maji upesi, ndiyo maana zamani zilijazwa katika maboya ya kuokolea watu baharini. Ukishona godoro la sufi, toa mbegu zote. Jaza sana, hasa katikati, mpaka godoro livimbe. Usiogope uvimbe huo, kwa sababu sufi hushuka ikilaliwa.

Baada ya muda, sufi hujikusanya na kufanya mabonge. Wengi hulitupa godoro wakati huo. Ni hasara. Fumua mshono wa upande mmoja, toa sufi, uianike juu ya mkeka siku isiyo na upepo. Ichambue kwa vidole mpaka mabonge yaishe, kisha uirudishe na kushona. Jifunge kitambaa puani na mdomoni, maana vumbi lake hukoholesha. Kazi hiyo ni ya siku moja tu, na godoro litainuka tena. Godoro la pamba pia hutengenezwa upya hivyo hivyo. Ila pamba ni nzito na hunywa unyevu, kwa hiyo lianike juani mara kwa mara.

Godoro la sponji ni tofauti. Likishabonyea halirudi tena, hata ulianike mwaka mzima. Hivyo chunga sana siku ya kununua. Chukua magodoro mawili yenye kipimo kimoja, kwa mfano futi 4 kwa 6, unene inchi 6. Yanyanyue yote mawili. Kwa kawaida lililo zito zaidi litadumu zaidi, kwa sababu lile jepesi lina hewa nyingi ndani. Lakini usitegemee uzito peke yake. Mengine hutengenezwa kwa vipande vilivyogundishwa, nayo huwa mazito. Omba kufunguliwa kifuniko uone ndani. Kisha kandamiza kwa goti na uondoe goti. Likichelewa kuinuka, liache.

Halafu vua viatu ulale juu yake. Usione haya, fedha ni zako. Lala ubavu, kisha lala chali na upitishe mkono chini ya kiuno. Mkono ukipita ovyo kwenye nafasi kubwa, godoro ni gumu mno kwako. Usipopita kabisa, ni laini mno. Kama mnalala wawili, wote wawili mjaribu, kwa sababu linalomfaa mtu mwembamba huweza kumzamisha mtu mnene.

Tazama na kitanda chako. Kama kamba zimelegea, zikaze. Kama chaga ziko mbalimbali, ongeza nyingine. Godoro zuri juu ya kitanda kibovu litazama tu.

Mtoto mchanga ana mambo yake. Hana nguvu za kugeuza kichwa akizama katika kitu laini, na pua ikizibwa anaweza kufa. Mlaze chali, mahali pagumu palipo sawa, bila mto.

Tena, sponji hushika moto upesi na moshi wake una sumu. Usiweke kibatari wala mshumaa karibu na mchago, na usivute sigara kitandani.

Je, kama unauziwa godoro lililokwisha tumika? Ligeuze pande zote mchana, mahali penye mwanga. Fuata mishono kwa kidole, pole pole. Kunguni hujificha humo. Ukiona vidoa vyeusi kama vya wino, usilitie nyumbani mwako, hata kama bei ni ya kutupa.