UAMUZI WA ZIWANI UFANYWE NCHI KAVU

Wavuvi wa dagaa wa Ukerewe, Ukara na visiwa vingine vya Mwanza hufanya kazi yao usiku wa giza, wakiwasha taa na kuvuta nyavu kwa mikono. Saa hizo hizo, za usiku hadi alfajiri, ndizo ambazo dhoruba za Ziwa Victoria hutokea kwa wingi. Hivyo uamuzi mzito kuliko wote, wa kuuacha wavu na kurudi au kuendelea kuvuta, humfikia mvuvi wakati mikono inatetemeka na pumzi zimemwishia.

Mwaka 1935 mtaalamu wa Marekani, J. Ridley Stroop, alichapisha jaribio mashuhuri. Neno “nyekundu” huandikwa kwa wino wa kijani, na mtu huambiwa ataje rangi ya wino. Ulimi hutaka kusoma neno; akili haina budi kuuzuia. Kazi hiyo ya kuyazuia mazoea hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo.

Watu wamepimwa kwa namna hiyo huku wakifanya mazoezi. Juhudi ya kiasi mara nyingi huichangamsha akili. Lakini kuhusu juhudi ya kupita kiasi, Arne Dietrich alitoa hoja mwaka 2003 kwamba ubongo, kwa kuwa nguvu zake zina kikomo, huipunguzia kazi sehemu hiyo ya mbele ili uuhudumie mwili. Wataalamu bado wanabishana juu ya hoja hiyo, lakini yatosha kututahadharisha.

Kwa mvuvi, kuvuta wavu ni mazoea. Kuuacha ni kuyapinga mazoea. Tusiharakishe, basi, kumwita mzembe yule aliyechelewa kurudi. Yafaa uamuzi wake ufanywe mwaloni, kabla jasho halijamtoka. Dalili za kurudi zikubaliwe na wote kabla ya safari. Anayeshika usukani asivute wavu, ili awepo mmoja ambaye akili yake imepumzika. Jaketi okozi zivaliwe kabla chombo hakijaondoka. Naye tajiri mwenye mtumbwi asimkate ujira mvuvi aliyerudi mikono mitupu kwa kuogopa dhoruba.

Maofisa wa uvuvi na viongozi wa vijiji wanayo nafasi ya kuyasimamia haya katika kila mwalo. Wahenga walikwisha sema: tahadhari kabla ya hatari.