Pasaka Huanzia Makaburini

Jumamosi ya kuamkia Pasaka, katika vijiji vya Rungwe, kusini magharibi mwa Tanzania, majembe na mapanga huelekea makaburini. Masika imekolea, majani yamefika magotini, na udongo mweusi wa volkano unanata kwenye jembe. Akina mama hung'oa magugu kwa mkono wasije wakakata maua yaliyopandwa juu ya kaburi; vijana hufyeka njia; wazee huwaonyesha wajukuu alipolala bibi yao na alipolala mdogo wake. Wamoravian, Wakristo wa Kanisa la Moravian, wanaandaa mahali pa ibada ya kesho.

Maana ibada yao ya kwanza ya Pasaka hufanyika makaburini, alfajiri, ukungu bado umetanda juu ya migomba. Watu huja kwa tochi, kanga zimekazwa mabegani kwa baridi, na penye kikundi cha matarumbeta, sauti yake hutangulia. Mchungaji hutamka, "Kristo amefufuka!" Umati hujibu, "Kweli amefufuka!" Miongoni mwa wanaojibu yumo mjane aliyesimama hatua mbili tu kutoka kaburi la mumewe, ambalo udongo wake haujashuka bado. Naipenda desturi hii kuliko mahubiri yoyote ya Pasaka niliyowahi kusikia, kwa kuwa ahadi ya uzima wa milele inatamkwa pale inapokuwa ngumu kuliko kwingine kote kuisadiki.

Desturi hiyo ilianzia Herrnhut, Ujerumani, kijiji kilichojengwa kuanzia 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia kwenye ardhi ya kabaila Zinzendorf. Pasaka ya 1732 vijana wa kiume walipanda kabla ya mapambazuko hadi makaburi ya kilima cha Hutberg, wakaimba mpaka jua likachomoza. Mwaka huohuo Wamoravian walianza kutuma wamisionari ng'ambo. Mwaka 1891 mmisionari Theodor Meyer na wenzake walifika Rungwe, na leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Liturujia ya alfajiri huungama imani yote kwa ukamilifu, kisha huwataja mbele za Mungu waliolala tangu Pasaka iliyopita. Kwa aliyefiwa mwaka huo, hapo ndipo magoti hulegea.

Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, hawakuhitaji mgeni wa kuwafundisha kwamba wafu wana uhusiano na walio hai. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, walioishi kati yao miaka ya 1930, waliandika jinsi maziko yalivyokuwa: wanawake wakilia kwa sauti, wanaume wakicheza na mikuki, huzuni na ushujaa katika ua mmoja. Waliandika pia juu ya taratibu ndefu zilizofuata baada ya maziko. Shabaha mojawapo ya taratibu hizo ilikuwa kumtenga marehemu na waliobaki, asije akawarudia vibaya kwa ndoto na wazimu. Kwanza alifukuzwa, baadaye alikaribishwa tena, akiwa mzimu wa ukoo.

Nikiisoma desturi ya Pasaka nikiwa na habari hizo akilini, naona jambo kubwa. Kurudi kwa mfu, kulikoogopwa hata kukawekewa miiko, sasa kunangojewa. Watu wanaamka usiku, wanatoka nje, wanasimama makaburini kana kwamba wamekwenda kumpokea mgeni stendi. Tena wanamngoja mzima, mwili na nafsi, kama Paulo anavyoshikilia katika sura ya 15 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Imani inayotaka roho iponyoke tu na kwenda mbinguni haina haja na jembe la Jumamosi. Inayotazamia mwili kufufuliwa hupalilia.

Ndiyo maana naumia nikiona mashindano ya makaburi yanavyozidi. Vigae, nguzo, paa la bati, uzio wa chuma wenye kufuli: familia inaingia deni ili marehemu wao apite wa jirani. Katika makaburi ya kale ya Wamoravian, kwa desturi, mawe hulazwa chini, ya kufanana, watu wakizikwa kwa kufuatana bila kutengwa kwa ukoo wala mali, kwa kuwa wataamka pamoja. Hilo ni fundisho la imani lililoandikwa ardhini, nasi tunalifunika kwa saruji.

Shida nyingine ni ya waliohamia mijini. Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam na wazazi wa Rungwe huenda akafika kipaimara hajawahi kusimama penye kaburi la babu yake. Nauli ni ghali, na wengi hurudi kwao Krismasi. Lakini kama familia ina uwezo wa safari moja tu kwa mwaka, ningesihi iwe ya Pasaka, na wafike Ijumaa, ili Jumamosi mtoto naye ashike jembe.