Kibarua wa Msimu Naye Ni Mzazi

Bonde la Kilombero lajulikana kwa mpunga na miwa, na katika mashamba hayo mkono wa mwanamke haukosekani. Hupanda, hupalilia, huamia ndege, huvuna. Lakini inapotajwa likizo ya uzazi, wengi husadiki ya kuwa jambo hilo ni la mwalimu, muuguzi na karani wa Ifakara mjini, wala halimhusu yule aandikwaye kazi kwa msimu. Fikira hiyo ni potofu, na yatupasa kuisahihisha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba asiyetimiza miezi sita kazini hana likizo ya malipo. Hapo ndipo wasimamizi wengi hukomea kusoma. Lakini mistari inayofuata yamtoa mfanyakazi wa msimu katika kanuni hiyo: yeye anayo haki ya likizo ya malipo. Tena, aliyeajiriwa zaidi ya mara moja katika mwaka na mwajiri yule yule, vipindi vyake vikijumlishwa vikazidi miezi sita, naye anayo. Kumwambia mama kama huyo kwamba "wewe ni kibarua tu" si jibu.

Likizo yenyewe ni siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka, mama hupewa siku 84 nyingine. Mwaka 2025 sheria ilirekebishwa ili kumwongezea muda mama aliyejifungua kabla ya wakati.

Upo pia wajibu. Mama sharti amwarifu mwajiri miezi mitatu kabla ya siku anayotazamiwa kujifungua, akiwa na cheti cha mganga. Hapa ndipo penye taabu kubwa katika bonde letu. Masika yanapofika, jamaa nyingi huhamia mashamba yao ya mpunga, wakakaa katika madungu kwa miezi, mbali na zahanati, na njia zimejaa maji. Mwenye mimba changa huona kwamba kliniki yaweza kungoja. Atokapo huko kwenda kutafuta kazi ya msimu, ile miezi mitatu imekwisha kupita wala hana cheti. Tunawasihi waume, na mama wakwe pia, wamruhusu aende kliniki mapema. Safari hiyo moja ni ya afya yake na ni ya ujira wake.

Likizo yaweza kuanza wiki nne kabla ya kujifungua, au mapema zaidi mganga akiamuru. Wako wanaofanya kazi hadi siku ya mwisho ili siku zote 84 wazitumie pamoja na mtoto. Hatuwalaumu, lakini kupalilia miwa juani na mimba ya miezi tisa si sawa na kukaa mezani. Baada ya kujifungua, kwa wiki sita mama haruhusiwi kufanya kazi, hata yeye na mwajiri wakikubaliana, ila mganga athibitishe kwamba aweza.

Akirudi, anapaswa kupewa hadi saa mbili kila siku za kunyonyesha ndani ya saa za kazi. Kwa mwenye ofisi mjini Ifakara ni jambo jepesi. Lakini kwa aliye katikati ya shamba, na mtoto amebaki nyumbani mbali, saa hizo mbili zaweza kuishia njiani. Twaona afadhali mwajiri ampe kazi ya karibu, au atenge kivuli na mlezi ukingoni mwa shamba. Gharama yake ni ndogo.

Baba naye asijifiche: anazo siku tatu za malipo, akizichukua ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. (Na sisi tulioajiri wasichana wa kazi majumbani mwetu, tukumbuke kwamba nao ni wafanyakazi.)

Mimba si sababu halali ya kumfukuza mtu kazi. Aliyefukuzwa apeleke shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi huzimaliza siku hizo wakimbembeleza msimamizi. Viongozi wa wafanyakazi wangefanya vema kuzitaja siku hizo 30, na ile miezi mitatu, siku ile ile vibarua wanapoandikwa majina.