Bruseloze: Homa Inayotoka Zizini

Ndugu mfanyakazi, jioni homa inakushika. Usiku unatoka jasho mpaka shuka linalowa. Asubuhi unapata nafuu, lakini kiuno na viungo vinauma. Unasema: ni malaria, ao ni uchovu wa kazi ya mgodini. Unameza dawa ya malaria, na baada ya majuma machache homa inarudi. Ufahamu kwamba uko ugonjwa mwingine wenye alama hizo. Unaitwa bruseloze, na unatoka kwa ng'ombe.

UNAPITA WAPI?

Mikrobe yake inakaa katika maziwa ya ng'ombe mgonjwa, na zaidi katika mimba iliyotoka na kondo la nyuma. Anayekunywa maziwa mabichi, anayekula mashanza ya maziwa yasiyochemshwa, ao anayemzalisha ng'ombe kwa mikono mitupu, anaweza kuupata. Kugandisha maziwa hakutoshi kuua mikrobe.

Usidanganywe na ng'ombe mnene. Anaweza kutupa mimba mara moja, kisha akazaa vizuri, huku maziwa yake yana ugonjwa. Katika kisiwa cha Malta, munganga David Bruce aliona mikrobe ya jamaa hiyo mwaka 1887, lakini asili yake haikujulikana mpaka 1905, Themistocles Zammit alipoikuta katika mbuzi walioonekana wazima. Mwaka 1906 askari wakakatazwa maziwa ya mbuzi, na ugonjwa ukapungua sana kati yao. Mikrobe ya ng'ombe ilivumbuliwa na Bernhard Bang wa Denmaki mwaka 1897.

ZIZI NDILO CHANZO

Maziwa yanashuka Bukavu katika bidoni kutoka pande za Kabare na Walungu. Huko ng'ombe wa mahari anatoka zizi moja na kuingia lingine, na makundi yanachanganyika malishoni. Mmoja akitupa mimba, wengine wanakula majani yaliyochafuka. Jua kali linaua mikrobe hii upesi. Bali katika tope na samadi yenye unyevu na kivuli inaishi majuma mengi, hata miezi. Zizi chafu la musimu wa mvua ni makao yake.

TUFANYE NINI?

1. Mama, chemsha maziwa yote mpaka yatokote, hata uliyonunua Kadutu kwa muuzaji unayemjua. Chemsha kwanza, ndipo ugandishe.

2. Mwenye ng'ombe, utenge jike linalokaribia kuzaa. Mimba iliyotoka na kondo vizikwe katika shimo refu, mbwa wasivifikie. Vaa mifuko ya plastiki mikononi, kisha unawe kwa sabuni. Mwanamke mwenye mimba asifanye kazi hiyo.

3. Ng'ombe mpya, hata wa mahari, apimwe damu kabla ya kuingia zizini. Umwulize veterineri juu ya chanjo ya ndama majike wa miezi 3 mpaka 8.

4. Ondoa samadi, uache jua liingie.

Homa ikirudi-rudi, umwambie munganga: «Kwetu tunakunywa maziwa mabichi», ao: «Ninafuga ng'ombe.» Neno hilo litamwonyesha njia ya kupima damu. Dawa ziko: kwa kawaida za namna mbili pamoja, kwa majuma 6. Usiziache homa inapokwisha. Ugonjwa usiotibiwa unaharibu viungo, unavimbisha makende, na mama anaweza kupoteza mimba.

Sufuria juu ya moto inalinda mgongo wa baba na mimba ya mama. TUCHEMSHE MAZIWA!