Vitabu vya hadithi navyo vipitie Kariakoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nitoe dukuduku langu kuhusu biashara ya vitabu. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne katika shule ya msingi ya kijijini, Wilaya ya Kilosa.

Likizo iliyopita wazazi walichanga shilingi 60,000 nije Dar es Salaam kuwanunulia watoto vitabu vya hadithi. Nilishuka Mnazi Mmoja, nikamkuta kijana ametandaza vitabu juu ya turubai kando ya njia. Alikuwa na vitabu vya kiada, mitihani ya nyuma yenye majibu, kamusi na vitabu vya dini. Vya hadithi za watoto vilikuwa vinne tu, na viwili kati yake vimetolewa kivuli, maandishi yamefifia. Nilipomwuliza, alinijibu: "Mwalimu, hapa kinachotoka ni kile mtoto alichoagizwa shuleni. Hadithi inakaa mpaka jalada linapauka kwa jua."

Sikumlaumu, maana mfanyabiashara huuza kinachonunuliwa. Walimu wazee wanatusimulia kwamba zamani mashirika ya umma kama Tanzania Publishing House, lililoanzishwa mwaka 1966, yalichapa vitabu, na Elimu Supplies ikavisambaza mikoani. Mwaka 1991 sera ilibadilika, vitabu vya shule vikaachiwa wachapishaji binafsi. Katikati ya miaka ya 2010 Serikali ikairudishia Taasisi ya Elimu Tanzania kazi ya vitabu vya kiada. Hilo lina faida yake, kwani mtoto wa Kilosa na wa Dar es Salaam wanasoma kitabu kimoja. Lakini mchapishaji aliyekuwa akitegemea soko la shule amebaki na vitabu visivyoagizwa na mtu. Anachapa nakala chache, na nakala zikiwa chache kila moja huwa ghali. Hapo ndipo mwenye mashine ya kutoa kivuli anapopata mwanya, na mwandishi hapati hata senti.

Baadaye nilivuka Mtaa wa Lumumba nikaingia Kariakoo. Huko nilimkuta mwenye duka wa kijijini kwetu akifunga mzigo: madaftari kwa katoni, kalamu, sabuni, betri na chaja za simu. Nikamwuliza mbona hachukui na vitabu vya hadithi. Akasema, "Mwalimu, vinauzwa wapi kwa jumla?" Sikuwa na jibu.

Ndugu Mhariri, hapo ndipo penye tatizo. Daftari linafika kila kijiji kwa sababu linapita Kariakoo. Kitabu kinabaki katika maduka ya mjini, kinamsubiri mnunuzi asiyekuja. Nawashauri wachapishaji wetu wafungue duka la jumla Kariakoo, wauze vitabu vyembamba vya bei nafuu katika vifurushi, na wakubali kupokea visivyouzika ili mwenye duka asiogope hasara. Halmashauri nazo zitenge fungu la maktaba za shule. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa mwaka 2022, inawatia moyo waandishi. Basi kazi zao zitafutiwe njia ya kufika vijijini.

Wapo watakaosema siku hizi watoto watasoma kwenye simu. Darasani kwangu simu ni ya baba, na baba huenda nayo shambani.

Mwishowe nilipata vitabu 11 katika duka la katikati ya jiji, kila kimoja shilingi 5,000. Darasa lina watoto 74. Wanavisoma kwa zamu, na kimoja kimekwisha kung'oka jalada. Mtoto asiyejua kitabu kingine ila cha mtihani huacha kusoma siku mtihani unapokwisha. Wahusika mnasemaje?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa.