Tovuti Ikigoma Kufunguka, Tazama Kwanza Saa ya Simu Yako

WhatsApp inaingia. Facebook inafunguka bila shida. Lakini ukienda eCitizen kuomba cheti cha kuzaliwa, au KUCCPS kumsaidia mwanao kuchagua kozi, ukurasa unabaki mweupe, au kivinjari kinakuonya kwamba mawasiliano si salama. Wengi husema "hakuna sistimu", wakafunga safari hadi saiba za Voi. Wengine hulipa mara ya pili wakidhani malipo ya kwanza yamepotea. Kabla ya nauli na kabla ya kulipa tena, kuna mambo machache ya kukagua.

Anza na bando. Ukinunua bando ya WhatsApp pekee, ni WhatsApp pekee itakayofunguka, hata kama simu inaonyesha kuwa data imewashwa. Wakazi wa Taveta watazame pia jina la mtandao lililo juu ya skrini, kwa sababu simu ikinasa mnara wa upande wa Tanzania, hilo ni tatizo jingine kabisa.

Bando ikiwa sawa, tazama tarehe na saa. Watu huruka hatua hii kwa kuwa haionekani kuhusiana na intaneti, ilhali inahusiana sana. Kila tovuti salama ina cheti cha kielektroniki chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya simu yako. Simu iliyozimika muda mrefu ikiwaka na kudhani ni mwaka wa 2015, itaona cheti cha leo kama kitu ambacho bado hakijaanza kutumika, na itakataa. Ingia kwenye mipangilio, weka saa ijirekebishe yenyewe kutoka kwa mtandao, kisha ujaribu tena. Kwenye kompyuta, betri ndogo ya saa iliyo ndani ikifa, tarehe hurudi nyuma kila stima inapopotea. Wenye saiba wanaijua kero hiyo.

Simu kuukuu zina shida yake. Shirika la Let's Encrypt la Marekani, linalotoa vyeti bila malipo kwa mamilioni ya tovuti, lilikuwa limeweka njia ya muda ili simu za Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1 ziendelee kuvitambua. Njia hiyo ilifikia kikomo tarehe 30 Septemba 2024. Ndiyo maana simu ya zamani yaweza kufungua tovuti moja na kukataa nyingine. Kurekebisha saa hakutasaidia hapo; azima simu mpya zaidi.

Kama unatumia Opera Mini, jua kwamba huokoa data kwa kupitisha kurasa kwenye kompyuta za Opera na kuzipunguza kabla hazijakufikia. Kwa kusoma habari ni nzuri mno. Kwa fomu ndefu, vitufe vingine huwa havijibu. Tumia Chrome au Firefox kwa shughuli hizo. Na kama tovuti ilikuwa ikifunguka jana, ijaribu kwenye kichupo fiche, kile chenye alama ya kofia na miwani. Ikifunguka humo, basi kivinjari kimeshikilia kumbukumbu za zamani. Zifute, lakini usiguse nywila ulizohifadhi.

Zipo siku ambazo kosa si lako. Mwishoni mwa Julai 2023 eCitizen ililemewa na maombi ya uongo yaliyotumwa kwa wingi na wavamizi, na huduma zikakwama nchi nzima. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikawa nzito Afrika Mashariki yote. Namna ya kutofautisha ni rahisi: mwombe jirani mwenye mtandao tofauti na wako afungue tovuti ileile. Ikimgomea naye, subiri.

Ukurasa ukikwama baada ya kulipa, usilipe tena. Ujumbe wa M-Pesa ndio ushahidi wako. Uhifadhi, kisha ingia kwenye akaunti yako baadaye uone kama malipo yamepokelewa. Malipo ya eCitizen huenda kwa nambari ya Paybill 222222, si kwa nambari ya simu ya mtu.

Onyo la usalama lisipoondoka hata baada ya kurekebisha saa, usilipuuze ukaandika nywila yako. Soma anwani herufi kwa herufi. Anwani za serikali huishia na go.ke, kama ecitizen.go.ke, ingawa KUCCPS hutumia kuccps.net. Usifuate kiungo ulichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp. Andika anwani mwenyewe. Ikishindikana kabisa na siku ya mwisho imekaribia, nenda Huduma Centre ya Wundanyi ukiwa na kitambulisho na ule ujumbe wa M-Pesa.